Ufagio wa Mama Mwenye Nyumba na Mchanga wa Kuku Wangu

Walisema sitaweza kufuga kuku katika uwanja wa Mama Mwenye Nyumba. Wala hawakuninong'onea. Walisema mbele yangu, nimesimama palepale uwani, mswaki mdomoni. Mama Vitenge, mpangaji wa chumba cha mbele, Mchaga aliyekuwa na meza ya vitenge sokoni Kariakoo, alisema kuku wangu watafagiwa pamoja na takataka kabla hawajajua wamehamia mtaa gani. Balozi wetu wa nyumba kumi alisema mtu aliyejifunza ufugaji kwenye theluji atawaua kuku wa Dar es Salaam kwa kuwahurumia. Mwenye nyumba mwenyewe aliniangalia miguu, si uso, akasema, "Vua viatu kwanza. Halafu tuzungumze hao kuku."

Niliweza. Nasema mapema ili asiyetaka maneno mengi aende zake. Leo nina mabanda yangu nje ya jiji, na vijana wenye vyeti huja kuniuliza kuku watandikiwe nini chini. Nawajibu, ila nimechoka kujibu nusu. Jibu kamili linamhitaji yule mama, na yeye hayumo katika kitabu chochote walichosoma.

Nianze na mimi, kwa kuwa kuna waliosahau. Nilitoka kusini na sanduku la bati. Niliuza karanga Mnazi Mmoja siku za mikutano, nikajisomesha kwa karanga hizo, nikashinda mitihani, nikapelekwa ng'ambo. Nilikaa miaka mitatu katika nchi ambako kuku hutunzwa ndani kama wagonjwa, nikarudi na stashahada ya ufugaji yenye mhuri mwekundu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Shirika moja la umma lilinipa meza kule Posta, na mshahara ambao ulikuwa ukifika kwangu umeshachoka kama mimi.

Ilikuwa miaka ya foleni. Foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya unga wa njano. Mtu alitoka kazini akaanza kazi ya pili, kazi ya kusimama. Kila mfanyakazi alitafuta mradi wa kumshikilia, na mradi wangu haukuhitaji kufikiriwa sana. Niliandikisha jina langu nipewe vifaranga wa kisasa. Orodha ile ilikuwa ndefu kuliko umri wa kuku. Nilipoona mwaka unapita, nikageukia kuku waliokuwapo.

Walikuwapo wengi. Nyumba yetu ya Kariakoo ilikuwa ya vyumba sita, ukumbi katikati na uwani nyuma, na karibu kila mpangaji alikuwa na kuku wake mmoja au wawili wanaozurura vichochoroni. Lori liliwagonga, mwizi aliwabeba, askari wa jiji aliwakamata. Nikawaambia watu: niazimeni. Nitajenga banda moja, nitawalisha, kila juma mtapata mayai. Na siku ya kuachana, kila mtu nitamrudishia kuku wake na tetea mmoja juu yake, aliyezaliwa humuhumu.

"Yaani kuku nao wanahamishiwa kijijini," balozi akasema, na uwani wote ukacheka. Tangu siku ile kuku wangu wakaitwa kuku wa ujamaa. Lakini waliniazima. Kuku tisa kutoka kwa watu sita, na jogoo wa balozi mwenyewe.

Aliyebaki alikuwa Mama Mwenye Nyumba, maana ardhi ilikuwa yake. Aliniazima pembe ya uwanja wake, upande wa ukuta wa jirani, na masharti yake aliyataja amekaa kwenye kigoda, anatazama kwingine. Mayai mawili kila Ijumaa. Kuku wa mwenzangu akifia mikononi mwangu kwa uzembe, nihame. Na siku nikimaliza, uwanja wake urudi kama ulivyokuwa.

"Kama ulivyokuwa," alirudia. "Sitaki nusu."

Lazima nieleze uwanja huo ulivyokuwa. Aliufagia mara mbili kwa siku, alfajiri akitoka kuswali na tena jua likipinda, kwa ufagio wa chelewa aliousuka mwenyewe. Alifagia ameinama, mkono mmoja mgongoni, anarudi kinyumenyume ili asikanyage alichokwisha kufagia. Ufagio uliacha mistari ya mviringo, kama magamba ya samaki. Udongo ulikuwa umegandamana ukawa mgumu kama sahani. Kisha alivua kandambili na kutembea pekupeku kuukagua. Macho yake hayakuwa mazuri, na nadhani hakuyahitaji. Aliijua punje ya mchele kwa unyayo, akaja hadi mlangoni kwako: "Wewe jana ulichambua mchele uwani. Njoo uchukue chako."

Hakuna aliyekanyaga pale na viatu. Mkusanya kodi wa jiji alivua. Fundi wa bomba alivua. Mtu mmoja wa chama aliyekuja kuhesabu wakazi alikataa kuvua, akahesabiwa yeye: kila hatua aliyopiga, mama alikuwa nyuma yake na ufagio, anafuta, mpaka bwana akavua mwenyewe akashika viatu mkononi kama mtu anayevuka mto.

Mtu huyohuyo, chumba chake kilikuwa ghala. Makopo matupu ya maziwa yalipangwa kutoka sakafuni hadi darini, magazeti, chupa, vifuniko visivyo na sufuria. Ukimwuliza alisema, "Chumba ni changu, najua kilichomo. Uwanja ni wa watu, watu wana mambo." Alikuwa mkali kwa mtu anayetema mate, lakini ugoro wake mwenyewe aliutema pembeni ya mfereji akadhani hatumwoni. Alisema hapendi kuku, hali kuku, hali yai, na harufu ya manyoya inamtia kichefuchefu. Nilimkuta mara tatu anawasimulia kuku ugomvi wake na Mama Vitenge.

Ugomvi huo ulikuwa wa kila siku. Mama Vitenge alimwaga maji vibaya. Mama Mwenye Nyumba alifunga mlango wa ukumbi mapema. "Huyu mama angefagia na bahari," mmoja alisema. "Huyu mama angeuza na kivuli cha nyumba yangu," mwingine alijibu. Sisi wengine tulipita katikati yao na ndoo zetu, tumechoka, hatuchangii.

Sasa mradi. Kitabu changu kilisema kuku atandikiwe maranda mengi, shubiri nzima, na kila yanapochafuka uongeze mapya juu ya yale ya zamani. Chini yanachacha polepole, yanatoa joto, kuku anapata afya. Niliyaona kwa macho yangu ng'ambo, yakafanya kazi vizuri mno. Nilikwenda kwa maseremala wa mtaa wa Gerezani, nikajaza magunia sita, nikatandaza pembe yangu yote. Ilipendeza. Kuku waliparua, wakaoga vumbi, nikawaita wapangaji watazame elimu.

Asubuhi niliamka nikakuta kuku wamesimama juu ya udongo mtupu wenye mistari ya mviringo. Maranda yote, magunia sita, yalikuwa yamerundikwa nje ya mlango wa nyuma.

"Mama, umetoa maranda yangu."

"Nimetoa takataka."

"Yale ni matandiko ya kuku."

"Kuku analalia mti, halalii godoro," alisema. Hata hakukasirika. Alikuwa amefagia kwa mazoea, nusu yu usingizini, mpaka akamaliza. Hilo ni kosa ambalo kule nilikosoma lisingetokea kamwe. Hakuna mwalimu aliyenionya kwamba nitapanga nyumba kwa mtu asiyeweza kuona kitu kimetawanyika chini akakiacha.

Nilizungushia matofali, nikamwomba asivuke mstari. Hakuvuka. Lakini kila alfajiri aliposhika ufagio alifika kwenye matofali, akasimama, akapumua kwa nguvu ili nisikie chumbani kwangu.

Kiangazi chote nilikuwa mshindi. Mayai yalitoka, kila mtu alipata fungu lake, Mama Vitenge akapunguza maneno. Kisha masika yakaanza.

Uwanja ule uliinamia pembe yangu. Sikuupima. Mtu mwenye stashahada hakupima mwinamo wa uwanja! Maji ya paa na ya uwani yote yalishuka kwa kuku. Maranda yakalowa, nikaongeza makavu juu kama kitabu kilivyosema, nayo yakalowa. Ng'ambo joto la chini liliwapasha kuku wakati nje kuna barafu. Huku liliwapika. Harufu ilipanda kali, ya mkojo uliochacha, ikachoma macho hadi vyumbani. Kuku wakaanza kupiga chafya, miguu ikavimba. Katika juma moja walikufa wawili, mweusi wa Mama Vitenge na kishingo wa balozi, yule asiye na manyoya shingoni.

Mama Vitenge alimwangalia kuku wake. Kisha akanigeukia.

"Bwana Stashahada, kuku wangu hakujua kusoma. Lakini alikuwa mzima."

Mama Mwenye Nyumba alikuja, akasimama nje ya matofali, upande wa kanga puani.

"Kwa sharti letu ungehama leo. Mvua zikikatika nikisikia harufu hii bado, utahama wewe na mbao zako," alisema. "Na wenye kuku utawalipa hukohuko uendako."

Niliyazoa maranda yale kwa mikono siku mbili nzima, baada ya kazi, kabla ya foleni. Sidhani niliwahi kuchoka namna ile. Chumba nisingepata kingine mjini kwa mshahara ule, na jina langu lingebaki Kariakoo bila mimi, jina la mtu aliyeua kuku wa wapangaji wenzake.

Nikajaribu pumba za mpunga kutoka kwa wauza nafaka. Nyepesi, kavu, bure. Upepo ulizichukua ukazitia kwenye sufuria za watu waliokuwa wanapika uwani. Balozi alichota pumba tatu kwenye chai yake akazipanga mezani mbele yangu, moja, mbili, tatu. Nikajaribu makumbi ya nazi. Yakaleta tandu, tandu akamuuma mpangaji wa chumba cha nne. Kila nilichokileta Mama Mwenye Nyumba alikitazama kwa mbali, kisha akaendelea na mistari yake.

Siku moja alisema tu, akipita na ndoo, "Mchanga."

"Mama, kitabu kinasema mchanga ni baridi kwa miguu ya kuku."

Alicheka hadi ugoro ukampalia. "Baridi? Mwanangu, baridi ipi? Si umeiacha kwenye ndege?"

Niliumia, lakini nilikwenda. Nikaleta mchanga wa ufukweni, kwa kuwa ni karibu. Nilipoumwaga alivua kandambili, akaingia ndani ya matofali kwa mara ya kwanza, akachota kidogo, akautia ulimini. Alitema palepale mbele ya watu wote, mara yake ya kwanza ya hadharani.

"Wa chumvi. Huu haukauki, unakaribisha kila unyevu unaopita. Na kuku ataudonoa, atakunywa maji mchana kutwa, atakuharia kama mfereji uliopasuka. Nani kakufundisha?"

"Hakuna, Mama."

"Angalau hilo ni kweli."

Nikautoa. Nikatafuta mchanga wa mto. Dereva mmoja wa lori la mjenzi aliniachia, nikauvuta kwa mkokoteni safari nne. Aliusugua kiganjani, akaupuliza, kiganja kikabaki safi. "Huu," alisema.

Hapa lazima nijipe haki yangu, maana wanaoisimulia habari hii mtaani humpa mama yote. Mchanga ulikuwa wake, lakini maji yaliondolewa na mimi. Kabla ya kuumwaga nilichimba ile pembe hadi gotini, nikatandika kokoto chini, nikageuza mwinamo uelekee mferejini. Mama Mwenye Nyumba alikataa. "Unanijengea barabara?" aliuliza. "Nani kakwambia nataka barabara?" Nilichimba hata hivyo. Hakunisemesha siku mbili. Chai yangu aliiacha ipoe ukumbini bila kuniita, na kuku ndio walioambiwa habari zangu.

Asubuhi baada ya mchanga kutandazwa, niliamka mapema nimwone. Alifika kwenye matofali na ufagio wake. Akasimama, akapumua. Kisha akavuka. Chelewa zilipita juu ya mchanga taratibu, zikakusanya kinyesi, manyoya, maganda ya mahindi, mpaka pembeni. Mchanga wenyewe ulibaki chini, una mistari ya mviringo kama uwanja wote. Alimaliza, akatembea pekupeku, akarudi tena. Nikaelewa pale nilichokuwa nakitafuta kwa miezi. Haikuwa ardhi inayomfaa kuku peke yake. Ilikuwa ardhi ambayo ufagio wa nyumba ile ungeikubali, kwa sababu ufagio ule ungepita, nipende nisipende.

Harufu iliisha kabla mvua hazijakatika. Vuli ilipokuja, mvua kubwa ilinyesha asubuhi moja, na ilipokoma Mama Mwenye Nyumba alitoka akasimama katikati ya kuku. Maji yalikuwa yameshapita chini ya miguu yake. Hakunisifu. Aliniagiza chai, akanywa palepale.

Mayai ya Ijumaa yalikokuwa yakienda nilijua kwa bahati. Mama Vitenge alikuwa mjamzito, amedhoofu, na nyama ilikuwa ya kubahatisha. Nilipita ukumbini nikamwona Mama Mwenye Nyumba mlangoni pake, anamsukumia kikopo cha maziwa chenye mayai mawili ya kuchemsha.

"Kula. Usidhani nimekusamehe yale maji."

"Sijaomba msamaha," alisema Mama Vitenge, tayari anamenya.

Nilipomwuliza baadaye alisema sikuona vizuri. Miezi yote hiyo hakukosa Ijumaa hata moja, na kufokeana kwao asubuhi hakukupungua hata kidogo.

Mwaka wa mwisho magoti yake yalimwacha. Mwanzoni alifagia amekaa kwenye kigoda, anakisogeza hatua kwa hatua. Kisha akawa anakiweka kigoda ndani ya matofali, eti anawalinda kuku na kunguru, miguu yake imefukiwa mchangani hadi kwenye vifundo. Nikirudi kutoka Posta namkuta hapo. "Shikamoo Mama." "Marahaba. Yule mwekundu leo hakutaga, ana kiburi." Mistari ya uwani ilianza kuwa yangu. Hakuna aliyeniagiza. Niliona tu ufagio umeegemea mlango wangu asubuhi moja.

Niligawiwa shamba nje ya jiji, na vifaranga wa orodha hatimaye wakafika, miaka imepita. Siku ya kuondoka ilikuwa Jumapili. Nilitoa kuku mmoja mmoja nimewashika mabawa, nikawaita wenyewe. Kila mtu kuku wake na tetea mmoja juu. Balozi nilimrudishia jogoo wake, na kwa kishingo aliyekufa nikampa matetea wawili. Aliwapokea akasema, "Kijiji kimevunjwa rasmi," lakini alinishika mkono muda mrefu.

Mama Vitenge alitoka na mtoto mgongoni. Nilimpa tetea mweusi.

"Huyu si wangu. Wangu alikufa."

"Huyu ni binti yake. Mayai yake ya mwisho niliyalaza chini ya kuku mwingine."

Alimgeuza, akamtazama upande huu na ule. Nilisubiri neno la stashahada. "Ana macho ya mama yake," alisema, akaingia ndani haraka.

Ikabaki ardhi. Juma zima nilikuwa nimeuchota mchanga nikaurundika nje ya mlango wa nyuma, palepale maranda yangu yalipotupwa siku ile. Nilitoa kokoto, nikarudisha udongo, nikashindilia kwa gogo hadi mikono ikachubuka, nikafagia. Mistari ilikuwa mizuri. Hakuna aliyeweza kuitofautisha na ya zamani, isipokuwa mtu mmoja.

Alitoka ameshika ukuta. Akavua kandambili. Alitembea taratibu sana, uwanja mzima, wapangaji wamesimama milangoni. Alipofika pembe yangu akasimama.

"Hapa pamezama kidogo."

"Nitashindilia tena, Mama. Leo leo."

"Nyamaza kwanza." Vidole vya miguu yake vilijikunja kwenye udongo ule mgumu, vikajinyoosha. "Mchanga umeupeleka wapi?"

"Uko nje. Yule dereva wa lori anakuja kuuchukua kesho."

"Mwambie asiuchukue."

"Mama, ulisema uwanja urudi kama ulivyokuwa."

"Nilisema, na nimeupokea, mbele ya watu hawa. Hudaiwi kitu nyumba hii." Aliutafuta mkono wangu akaushika, si kwa upendo, kwa kujizuia asianguke. "Mchanga sasa nakukopa mimi. Miguu imeuzoea."

Niliuingiza tena mchana ule, karai kwa karai, nikiwa na suruali yangu ya safari. Balozi alishika sepetu. Mama Vitenge alileta kigoda bila kuambiwa. Tulimkalisha, akaifukia miguu yake taratibu, akafumba macho. Nikadhani amesinzia, nikaanza kunyata kwenda kuchukua sanduku langu la bati.

"Wewe," alisema bila kufumbua macho. "Umekanyaga kila mahali."

Nikauchukua ufagio, nikainama, mkono mmoja mgongoni, nikaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni.